Nani aliishi juu? Tathmini ya huduma za kutafuta historia ya nyumba ya familia mbili Boston

Nyumba za familia mbili za Boston hazikuachi ukajiuliza ni za namna gani. Ni za mbao, familia moja chini na nyingine juu, milango miwili kwenye baraza moja, mita mbili za gesi kwenye chumba cha chini ya ardhi. Zimejaa Dorchester, Roxbury na Jamaica Plain, na nyingi zilijengwa baada ya tramu za umeme kuanza 1889, zikaendelea kujengwa hadi miaka ya 1920. Wenzetu walioko Massachusetts, wa Lowell na Worcester hasa, wananunua nyumba kama hizi kwa hesabu ile ile ya mwaka 1910: kaa chini, pangisha juu, kodi ikusaidie kulipa benki. Ukishakabidhiwa funguo unaanza kujiuliza humu walipita akina nani.

Huduma za kukujibu zipo nyingi, za bure na za kulipia. Kasoro yao kubwa ni kwamba karibu zote zinamjua mwenye nyumba, na chache tu ndizo zinazomjua mpangaji. Kwenye nyumba ya familia moja hilo halina madhara makubwa. Kwenye nyumba ya familia mbili unaondoka na nusu ya habari huku umeambiwa ni yote. Kwa hiyo hapa kila huduma inapimwa kwa swali moja: inakuonyesha aliyesaini hati, au aliyekuwa analipa kodi? Mifano ni ya Boston, yaani kaunti ya Suffolk. Ukiwa kwingine Massachusetts unabadilisha masjala tu, kazi ni ile ile.

Mahali pa kuanzia ni tovuti ya wakadiriaji wa kodi ya majengo wa jiji. Chukua namba ya kiwanja, jina la mmiliki wa sasa na ukubwa wa kiwanja, kisha ondoka. Usichukue mwaka wa ujenzi. Ukiona 1900, au mwaka wowote unaoishia na sifuri au tano, hesabu kuwa ni makisio ya afisa aliyepita mtaani miaka mingi baadaye akaitazama nyumba kwa nje. Madalali wanaunakili mwaka huo kwenye matangazo yao, na baada ya muda unaonekana kama ukweli uliothibitishwa. Miji mingi huweka pia namba ya kitabu na ukurasa wa hati ya mwisho, na hizo namba mbili ndizo zitakazokufungulia hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni Masslandrecords, tovuti ya masjala za hati za Massachusetts. Jimbo lina masjala 21. Boston iko Suffolk, lakini Middlesex, Worcester na Essex zimegawanywa kaskazini na kusini, na ukichagua upande usio wako utaambiwa hakuna kitu. Kusoma ni bure na huhitaji kujisajili. Chagua kutafuta kwa kitabu na ukurasa, ingiza namba zako, na hati inafunguka kama picha. Shuka hadi mwisho wake. Hati iliyoandikwa vizuri itakutajia kitabu na ukurasa wa hati iliyotangulia. Nenda huko, shuka tena mwisho, rudi nyuma tena. Bahati ikiwa nzuri, jioni moja inatosha kufika mwaka 1920.

Bahati huisha kwenye hati isiyotaja iliyotangulia. Hapo unachukua jina la muuzaji na kumtafuta alipokuwa mnunuzi. Kwa miaka ya karibuni kompyuta inakutafutia, lakini kadiri unavyorudi nyuma utafutaji wa jina unakoma, unabaki na picha za vitabu vya faharasa ambavyo lazima uvipekue kwa macho. Vitabu hivyo havikupangwa kialfabeti kikamilifu. Mara nyingi majina yamewekwa pamoja kwa herufi za mwanzo, na ndani ya kundi yakafuata tarehe ya kusajiliwa. Usitazame jina moja ukafunga kitabu, soma kundi zima.

Yako mambo matatu yanayowatoa watu njiani hapa. La kwanza ni hati za siku moja. Utaona mume anamuuzia mwanamke fulani nyumba, na ukurasa unaofuata mwanamke huyo huyo anaiuza kwa mume na mke. Huyo hakuwahi kulala hapo hata usiku mmoja. Zamani mtu hakuweza kujiuzia mali yeye mwenyewe pamoja na mkewe, kwa hiyo wakili alipitisha hati kwa mtu wa kati, mara nyingi karani wa ofisini kwake. Ukimtafuta mtu wa aina hiyo kwenye faharasa utamkuta "ananunua" nyumba mtaa hadi mtaa, halafu unaanza kumtungia historia ya tajiri. Mruke.

La pili ni mirathi. Mnyororo wa hati ukikatika ghafla, na anayeuza nyumba hajawahi kuinunua, maana yake kwa kawaida ni kwamba aliirithi. Soma maneno ya hati yake: akiuza kama msimamizi wa mirathi au kama warithi, jina la marehemu limetajwa humo humo. Jalada la mirathi liko mahakama ya mirathi na familia ya kaunti, haliko masjala ya hati. Lina thamani kuliko watu wanavyodhani, maana orodha ya mali ya marehemu wakati mwingine hutaja hata kodi ambayo mpangaji hajailipa.

La tatu ni ardhi iliyosajiliwa kupitia Mahakama ya Ardhi, mfumo ulioanza 1898. Viwanja hivi vina namba za vyeti na namba za nyaraka badala ya kitabu na ukurasa, na kwenye tovuti vinatafutwa sehemu ya peke yake. Ukitafuta sehemu ya kawaida utakuta patupu na kudhani kumbukumbu zimepotea. Linganisha na nyumba iliyogeuzwa kondo, yaani kila ghorofa ina mmiliki wake. Hiyo ina hati kuu iliyosajiliwa siku ilipogawanywa, na baada yake kila ghorofa ina mnyororo wake. Tafuta hati kuu kwanza, ndiyo itakayokurudisha kwenye nyumba nzima.

Bei nayo imefichwa. Hati nyingi za karne iliyopita hazitaji kiasi, zinasema tu kwamba malipo yametolewa, au zinaandika dola moja. Tafuta stempu za serikali ya Marekani zilizobandikwa kwenye hati, ambazo thamani yake utaikuta kwenye nakala ya masjala. Kuanzia 1940 hadi mwisho wa 1967 zilitozwa senti 55 kwa kila dola 500 za bei. Stempu za dola 8.80 zinakupa nyumba ya kama dola 8,000. Ila tahadhari: kodi hiyo ya stempu haikuhesabu deni la rehani ambalo mnunuzi alilirithi pamoja na nyumba. Ukiona stempu ndogo mno na hati inasema nyumba imeuzwa pamoja na rehani iliyopo, ongeza deni hilo juu ya hesabu yako. Watu wametangaza kwamba nyumba yao iliuzwa kwa bei ya kutupa 1946, kumbe walisoma nusu ya bei.

Kwa kazi iliyopewa Masslandrecords ni bora, na haikugharimu kitu. Ila haimjui mpangaji. Nyumba iliyokaa na mmiliki mmoja kuanzia 1912 hadi 1951 itakupa hati mbili tu, huku juu labda zimepita familia kumi.

Kabla ya kuwafuata hao, kamilisha umri wa nyumba kwa ramani. Atlascope ya Leventhal Map & Education Center, iliyoko Boston Public Library, ni kazi nzuri kweli na ni ya bure kabisa. Inalaza atlasi za miji za miaka ya 1870 hadi 1930 juu ya ramani ya leo. Andika anuani, kisha badilisha miaka. Nyumba ya mbao imepakwa njano, ya matofali imepakwa waridi, na jina la mmiliki limeandikwa juu ya kiwanja. Kama kiwanja kiko wazi kwenye atlasi ya 1899 na kwenye ya 1906 kuna kiboksi cha njano, umeubana mwaka wa ujenzi ndani ya miaka saba bila kutoka kitini. Sasa rudi kwenye hati za miaka hiyo saba utafute rehani. Mjenzi alinunua kiwanja, akakopa mara moja kiasi kikubwa kuliko bei ya kiwanja, akauza mwaka uliofuata. Ukikuta mpangilio huo, tarehe ya rehani ndiyo iliyo karibu zaidi na msumari wa kwanza.

Ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto, zina undani zaidi. Kipimo ni futi 50 kwa inchi moja. Library of Congress imeweka nyingi mtandaoni bure. Kwenye kiboksi cha nyumba yako utaona D kwa makazi, namba ya ghorofa, mistari ya vitone kwa baraza, na uani pengine kiboksi chenye mkato wa X, ambacho ni banda la farasi. Kwenye toleo la baadaye banda hilo hilo lina A, maana farasi ameondoka na gari limeingia. Lakini Sanborn haina uhakika kwenye jambo tunalolitaka. Nyumba ya familia mbili zinazokaa moja juu ya nyingine na nyumba ya familia moja zote zinaweza kuandikwa D. Tazama namba za mtaani mbele ya nyumba. Zikiwa mbili kwa kiboksi kimoja, ilikuwa na milango miwili. Jihadhari pia na tarehe ya jalada la kitabu cha ramani, kwa sababu kampuni ilikuwa inatuma vipande vya karatasi vibandikwe juu ya ramani ya zamani. Jalada linaweza kusema miaka ya 1920 na kipande kilichobandikwa juu ya mtaa wako kikawa cha 1950.

Sasa wapangaji. Hapa sensa ndiyo mfalme, na hakuna sababu ya kuilipia. Marekani inaficha majina ya sensa kwa miaka 72, kwa hiyo zilizo wazi zinaishia 1950, iliyofunguliwa tarehe 1 Aprili 2022 kwenye tovuti ya National Archives. Sensa ya 1880 ndiyo ya kwanza kuandika mtaa na namba ya nyumba mijini. Ya 1890 isahau, sehemu kubwa sana iliharibika kwa moto wa Januari 1921 mjini Washington.

Huna jina la mpangaji, una anuani tu, kwa hiyo usianze kwa kutafuta jina. Nenda kwenye tovuti ya Stephen P. Morse, mhandisi aliyebuni prosesa ya Intel 8086 kisha akaamua kuwasaidia watu wanaotafuta ukoo wao. Ina chombo kinachogeuza mtaa na mitaa inayokatana nao kuwa namba ya eneo la kuhesabia watu. Sura ya tovuti hiyo haijabadilika tangu zamani na haina urembo wowote, lakini haikudanganyi. Ukipata namba ya eneo, fungua karatasi zake na ushuke na pambizo ya kushoto, mahali karani wa sensa alipoandika jina la mtaa kwa kusimamisha herufi na namba ya nyumba kando ya kila kaya.

Kuanzia 1900 hadi 1930 kuna safu mbili za namba unazotakiwa kuzisoma pamoja. Moja ni namba ya jengo kwa mpangilio wa karani kutembea, nyingine ni namba ya familia. Kwenye nyumba ya familia mbili namba ya jengo inatokea mara moja, kisha namba mbili za familia zinafuatana. Jengo 112, familia 187 na 188: hao ndio wa chini na wa juu. Karani mwingine aliona milango miwili yenye namba 41 na 43 akaandika majengo mawili. Ukiona hivyo usihesabu nyumba mbili, rudi kwenye Atlascope uthibitishe kiboksi ni kimoja. Nyumba za kona ni balaa zaidi. Mlango wa familia ya juu unaweza kutazama mtaa wa pembeni, na kaya yao ikahesabiwa kurasa kadhaa mbele, hata eneo jingine.

Kila mwaka wa sensa una zawadi yake. Mwaka 1900 na 1910 mama aliulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, na safu hizo mbili zikisomwa pamoja zinatosha kukunyamazisha. Mwaka 1920 uliuliza mwaka wa kuingia Marekani na mwaka wa kupata uraia. Mwaka 1930 uliuliza kodi ya mwezi au thamani ya nyumba, na kama kaya ina redio. Mwaka 1940 ndio bora kwa nyumba ya familia mbili. Unakuta O kwa mwenye nyumba na R kwa mpangaji, thamani kwenye mstari mmoja na kodi kwenye mwingine, mshahara wa mwaka 1939, darasa la mwisho, mahali mtu alipoishi 1935, na alama ya x iliyozungushiwa duara kando ya mtu aliyejibu maswali. Gawanya thamani ya nyumba kwa kodi ya mwaka ya ghorofa ya pili uone mwenye nyumba alikuwa anafanya biashara ya namna gani. Anayeandikiwa zaidi ya dola 5,000 ya mshahara haandikwi kiasi kamili, ni 5000+ tu, ila kwenye mitaa hii si wengi utakaowakuta. Mwaka 1950 unavunja moyo kidogo, maana kodi na thamani viliandikwa kwenye fomu za nyumba ambazo hazikuhifadhiwa.

Nyumba yako ikikosekana kabisa usikate tamaa. Makarani waliokuta mlango umefungwa walirudi baadaye na kuandika kaya hizo mwishoni mwa eneo, kuanzia karatasi ya 61 mwaka 1940 na karatasi ya 71 mwaka 1950. Wengi hawafiki huko. Ikikosekana hata hapo, shuku namba. Boston ilimeza Roxbury 1868, Dorchester 1870, na Charlestown, Brighton na West Roxbury 1874, ikabaki na mitaa kadhaa yenye jina moja, ikabadilisha majina na kupanga upya namba. Tumia jirani asiyehama: kanisa, shule, kituo cha zimamoto. Hesabu nyumba kutoka hapo.

Sensa inakuonyesha siku moja kila miaka kumi, na mpangaji wa juu anaweza kuingia na kutoka mara nne katikati. Hapo zinakuja saraka za jiji na orodha za wakazi, na hapa ndipo huduma za kulipia zinapolala. Saraka za Boston, zile za Sampson & Murdock, ziko bure Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Matoleo ya baadaye yana sehemu ya mitaa ambako unafuata namba ya nyumba na kukuta majina. Matoleo ya zamani yana majina tu. Kabla ya kusoma, shika vifupisho: h ni mwenye kaya, b au bds ni anayelala na kula kwa mwingine, wid ni mjane, na "rem to" ni amehamia, ikifuatiwa na mji. Mke asiye na kazi ya mshahara haonekani kwa miaka mingi, kwa hiyo usihesabu watu kwa saraka. Habari zenyewe zilikusanywa miezi kabla ya kuchapwa, na familia iliyohama majira ya kuchipua bado inaonekana kwenye kitabu cha mwaka huo.

Orodha za wakazi ni hazina ya Massachusetts ambayo majimbo mengi hayana. Sheria inautaka kila mji uorodheshe wakazi wake kila mwaka, nyumba kwa nyumba. Za Boston zimepangwa kwa kata na kituo cha kupigia kura, kisha mtaa na namba, na kila mtu ana jina, umri, kazi, na mahali alipokuwa anaishi mwaka uliotangulia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayokuwezesha kumfuata mpangaji kutoka mtaa hadi mtaa. Wanaume walianza kuorodheshwa kabla ya wanawake, kwa hiyo kwenye vitabu vya mwanzoni kaya ya mjane na binti zake inaweza isionekane kabisa, na ghorofa ikaonekana tupu. Boston Public Library imepiga picha vitabu vingi na kuviweka Internet Archive. Kutafuta kwa neno kunafanya kazi nusu nusu kwa sababu mashine ilisoma herufi ndogo vibaya. Fungua kitabu na upekue mwenyewe.

Usijidanganye na jambo moja: hakuna kati ya daftari hizi linalosema nani chini nani juu. Desturi ilikuwa mwenye nyumba akae chini, lakini desturi si ushahidi. Ushahidi unatoka kwenye gazeti. Kadi ya Boston Public Library, ambayo mkazi yeyote wa Massachusetts anapewa bure, inafungua kumbukumbu za Boston Globe ukiwa nyumbani. Tafuta namba na mtaa ndani ya alama za kunukuu, mara moja kwa "street" na mara ya pili kwa "st", kwa sababu gazeti lilifupisha ili kuokoa nafasi. Matangazo ya kupangisha hutaja ghorofa, idadi ya vyumba na kodi. Matangazo ya vifo hutaja nyumba ambako mazishi yalianzia, maana maiti iliagwa sebuleni. Tangazo la ghorofa ya juu likifuatana na jina jipya kwenye orodha ya mwaka unaofuata, umempata mtu na sakafu yake.

FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ni bure na inatosha kwa asilimia kubwa ya kazi hii. Ina picha za sensa zilizo wazi, kadi za usajili wa jeshi za 1917, 1918 na 1942 zenye anuani ya mtu, na hati za ardhi za Massachusetts hadi 1986. Tangu 2024 ina utafutaji unaosoma maandishi ya mkono ya hati na mirathi yote badala ya faharasa tu. Huo umebadilisha mchezo kwa upande wa wapangaji: mtu ambaye hakuwahi kununua nyumba anaweza kutokea kama shahidi, mdai au mrithi kwenye karatasi ya mtu mwingine. Kero yake ni picha zenye alama ya ufunguo, ambazo hazifunguki nyumbani mpaka uende kwenye kituo chao au maktaba inayoshirikiana nao.

Ancestry, tovuti ya ukoo ya kulipia, ina faharasa nzuri zaidi na saraka zilizopangwa vizuri, lakini picha za sensa ni zile zile. Usinunue usajili wa mwaka kwa ajili ya nyumba moja. Maktaba nyingi za umma zina toleo la maktaba unalotumia bure ukiwa ndani ya jengo. Nenda na orodha ya majina uliyokwisha kuyapata, fanya kazi, ondoka. MACRIS, hifadhi ya Tume ya Historia ya Massachusetts, iangalie kwa dakika tano. Nyumba nyingi za kawaida za familia mbili hazina fomu humo, ila ukiikuta, umepewa utafiti wa bure wa mtaalamu.

Zile ripoti za papo kwa papo zinazouzwa mtandaoni, weka anuani, lipa, pokea faili, ndizo tusizozipendekeza kabisa. Zinachota data zilizokwisha kuwa za kidijitali, maana yake mauzo ya miongo ya karibuni na mwaka ule ule wa makisio wa wakadiriaji. Mpangaji wa 1931 hayumo. Mtafiti wa kulipwa kwa saa ni jambo jingine, na anastahili hela yake kwenye kazi mbili: ardhi ya Mahakama ya Ardhi yenye vipande vingi, na jalada la mirathi lililo kwenye karatasi tu. Mwambie kwa maandishi kwamba unataka wakazi wa ghorofa zote mbili, la sivyo utaletewa mnyororo wa hati uliopambwa.

Kwa Roxbury, Dorchester na Mattapan kuna sura mbili ambazo hati peke yake hazizielezi. Ya kwanza iko kwenye Mapping Inequality ya Chuo Kikuu cha Richmond, ya bure, yenye ramani za shirika la mikopo ya nyumba la serikali za 1935 hadi 1940. Bonyeza mtaa wako uone rangi, kijani hadi nyekundu, kisha soma karatasi ya maelezo ambamo wakadiriaji waliandika wakazi ni wa asili gani na rangi gani kana kwamba ni aina ya paa. Ya pili ni miaka ya 1968 hadi 1972, pale kundi la benki za akiba lililojulikana kama B-BURG lilipotoa mikopo kwa wanunuzi Weusi ndani ya mstari uliochorwa kwenye ramani, sehemu kubwa ikiwa mitaa iliyokaliwa na Wayahudi. Kwenye masjala utaitambua hivi: familia iliyokaa miaka thelathini inauza, mnunuzi anakopa benki ya akiba kwa dhamana ya serikali, miaka michache baadaye nyumba inafilisiwa, na mmiliki anayefuata ni Waziri wa Nyumba na Maendeleo ya Miji wa Marekani. Hati nne ndani ya miaka sita. Usiandike kwamba mnunuzi alishindwa kulipa ukaishia hapo. Tafuta kwenye Globe za miaka hiyo uone nyumba za aina hiyo ziliuzwa zikiwa na paa na tanuri za joto za hali gani.

Kwa wapangaji wa baada ya 1950, sensa ya 1960 haifunguliwi mpaka Aprili 2032. Kinachobaki ni orodha za wakazi. Zile zisizo mtandaoni ziulizie Boston Public Library pale Copley Square, na kabla ya kwenda jua kata na kituo chako cha mwaka unaoutafuta, si cha leo, maana mipaka ilichorwa upya zaidi ya mara moja na kitabu kimepangwa kwa mipaka ya wakati wake. Majina ya walio hai yaache kwenye daftari lako.